Pumzi Katikati ya Wimbo

Lori lilikuwa limekwisha kuondoka. Vumbi jekundu lilisimama nyuma yake kama pazia, na nyuma ya pazia hilo zilibaki nyumba za udongo, maturubai meupe, mbuzi wa watu, na mtoto mmoja aliyekuwa bado anapunga mkono ingawa hapakuwa na mtu wa kumwona tena. Ilikuwa Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ukungu ulikuwa umelala juu ya ziwa la Nakivale, mzito na mweupe, hata hukuweza kujua maji yanaishia wapi na mbingu inaanzia wapi.

Siku nyingine lori hilo hubeba ndizi. Siku hiyo lilibeba kwaya, watu arobaini pamoja na ngoma mbili na sufuria la uji. Walikuwa wanakwenda Mbarara, mtaa wa Nyamitanga, ambako kituo kimoja cha watoto kilikuwa kinafungua ukumbi mpya. Wageni wangefika saa nane mchana, na kwaya ya Wakongo kutoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale ndiyo ingeimba kwanza.

Joël alikaa juu ya tairi la akiba, pembeni. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, yuko darasa la sita. Shingoni alining'iniza kijiubao cha shule kwa kamba, na kipande cha chaki kilikuwa mfukoni. Hakusema neno. Ilikuwa siku yake ya sita ya kutosema.

Sasa lazima ujue jambo moja kuhusu kwaya ile. Haikuwa na kinanda wala gitaa. Wimbo ulianzishwa na mtu mmoja, peke yake, na sauti aliyoishika yeye ndiyo waliyoishika wote. Akianza juu mno, akina mama wanapasuka koo. Akianza chini mno, wanaume wanazama. Kwa miaka minne mwanzishaji alikuwa Joël, na wimbo wao mkubwa ulikuwa ule uliotungwa na mama yake, Élyse, wakati wanatoka Kivu ya Kusini. Ulianza hivi:

*Tulivuka maji na mikono mitupu,*
*midomo yetu ikajaa nyimbo.*

Mama Élyse alifariki Joël akiwa na miaka sita. Picha yake haikuwepo, ilipotea njiani pamoja na vitu vingine. Lakini watu wazima walipomsikia Joël akianzisha, walitazamana. "Ni Élyse mwenyewe," walisema. "Sauti ya mama yake, nzima nzima." Baba yake, Constantin, aliyekuwa anaimba besi katika safu ya nyuma, alikuwa na desturi ya kufumba macho pale mwanawe alipofungua mdomo. Joël aliijua desturi hiyo. Mtoto yule hakukumbuka uso wa mama yake, lakini kila Jumapili kwa muda wa mistari miwili aliweza kumrudisha, na baba akamwona.

Kisha, wiki tatu kabla ya safari, sauti ilivunjika.

Alikuwa anachota maji bombani, anaimba kwa kunong'ona. Ghafla ile sauti nyembamba iligawanyika kama ukuni mkavu. Nusu ilibaki juu na nusu ikaanguka mahali pa chini ambapo hajawahi kufika. Alijaribu tena. Ikawa vilevile. Wiki ya kwanza alisema ana mafua. Alimeza mayai mabichi, akatafuna tangawizi mpaka midomo ikawaka moto. Wiki ya pili mafua yalikuwa bado. Wiki ya tatu aliona kwamba hakuna mafua ya namna hiyo duniani, ndipo akapata ule uongo mkubwa.

Katika kanisa lao watu hufunga. Wengine hufunga chakula, na wachache, wale wenye jambo zito mbele za Mungu, hufunga pia kusema. Mtu aliyefunga kusema haulizwi sababu. Basi Jumatatu asubuhi Joël aliandika kwenye ubao: "Nimefunga mpaka Jumamosi. Kula na kusema." Akamwonyesha baba yake. Constantin alisoma polepole, akaweka jembe chini, akamshika mwanawe kichwani, kama mtu anayegusa chombo cha kanisani.

Toka hapo Joël akawa mtu mwingine machoni pa jirani. Watu walimpisha bombani. Kiongozi wa kwaya, Mama Nathalie, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kukata kama upanga, alimwondoa kwenye mazoezi. "Mumuache," aliwaambia wengine. "Anajitayarisha. Akisimama yeye, tunasimama bote. Akianguka, tunaanguka bote." Usiku Joël alikula mihogo ya kuchoma kwa siri, vipande vitatu vinne. Mchana alikaa kimya, na kimya kile kilikuwa na mambo yake. Alisikia vitu ambavyo hakuwahi kuvisikia: ndege wa ziwani wakigombana mbali, nzi akitembea juu ya turubai, moyo wake mwenyewe. Wakati mwingine alijiona kama mtu aliyeketi ndani ya mtungi, anatazama dunia kupitia shingo ya mtungi huo.

Lori lilipanda, likashuka. Walipopita Rugaaga jua lilikuwa limetoka, na ng'ombe wenye pembe ndefu walivuka barabara taratibu, pembe zikielea juu ya ukungu bila miili. Vilima vya migomba vilifuatana, kijani juu ya kijani. Joël alivitazama mpaka akadhani ni vilima vinavyosafiri na yeye ndiye aliyesimama.

Bibi Mukamazimpaka alimsogelea akijishikilia kwenye mabega ya watu. Alikuwa mzee kuliko wote katika kwaya, na goti lake la kushoto lilikuwa limevimba.

"Mutoto wangu," alisema, "weye uko karibu na Mungu siku hizi. Uniombee hili goti. Na mujukuu wangu Muhirwa, alienda kutafuta kazi, iko miezi mingi hajapiga simu. Umutaje jina lake, umesikia? Muhirwa. Mungu asichanganye."

Joël alimtazama. Macho ya bibi yalikuwa na maji kidogo, labda kwa sababu ya vumbi. Alichukua chaki akaandika: "Amina."

"Imesema nini?" bibi akauliza, maana hakujua kusoma.

"Anasema amina, Bibi," akajibu msichana mmoja aliyekaa karibu. Jina lake Sonia, miaka kumi na mmoja, meno mawili ya mbele yameachana, na hakuna siri ya kambi iliyompita. Alingoja bibi arudi kwenye nafasi yake. Halafu akainama.

"Pasta Kimya," alinong'ona. "Juzi kwa bomba nilikusikia. Ulikuwa unaimba kama chura amekanyagwa."

Joël akafuta ubao haraka kwa kiganja. Akaandika: "Usiseme."

"Sitasema. Lakini leo nani ataanzisha? Chura?"

Joël akairudisha chaki mfukoni. Angeweza kuuzuia mdomo wake barabara nzima, lakini saa nane ingefika, watu arobaini wangemtazama, na baba yake angefumba macho. Je, angesikia nini?

*

Walifika Nyamitanga saa tano. Kutoka ua wa kituo uliweza kuuona mto Rwizi chini, rangi ya chai ya maziwa, na ng'ambo yake mabati ya mji wa Mbarara yakimeta kama samaki waliotandazwa juani. Bendi ya jeshi kutoka kambi ya wanajeshi nayo ilikuwa imealikwa, na askari walikuwa wanashusha tarumbeta na ngoma zao.

Mpishi wa kituo, Yudaya, alileta matoke yenye mchuzi wa karanga kwenye masinia. Harufu yake ingemwamsha mgonjwa. Kila mtu alinawa mikono isipokuwa mmoja.

"Huyu mutoto hapana kula?" Yudaya aliuliza.

"Amefunga," Mama Nathalie akajibu kwa fahari.

"Bambi, masikini," alisema Yudaya, akimwangalia Joël kutoka juu mpaka chini. "Amefunga na yeye iko mwembamba hivi? Mungu wenu hana huruma kwa mifupa."

Joël aliondoka polepole, kama mtu anayekwenda kuomba. Alizunguka jiko akafika nyuma ya tangi la maji, mahali penye kivuli na nyasi mbichi. Alitazama kulia na kushoto. Akafungua mdomo.

"Tulivuka..."

Sauti ilipanda, ikatetemeka, ikavunjika. Ilikuwa mbaya kuliko ya bombani. Siku tano za ukimya hazikuitengeneza hata kidogo.

"Rudia," mtu akasema.

Upande wa pili wa tangi, juu ya kreti ya soda, alikaa askari mwenye mvi kichwani. Alikuwa amevua koti la bendi, na mapajani alipakata tarumbeta kubwa ya shaba yenye mdomo mpana kama karai, anaisugua kwa kitambaa. Jina lake lilikuwa limeshonwa kwenye shati: Aloysius.

Joël aligeuka akimbie.

"Kuja hapa. Mimi si adui. Hiyo sauti iko na miaka ngapi?"

"Kumi na tatu," Joël alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza mbele ya mtu tangu Jumatatu, na lilitoka vipande viwili.

"Hapana wewe. Sauti."

Joël alifikiri. "Wiki tatu."

"Basi ni kuruti." Askari alirudi kusugua shaba yake. "Sikiliza, ssebo, bwana mdogo. Kuruti akiingia kambini, nywele inakatwa, buti inamubana, anatembea kama bata. Hapana mugonjwa huyo. Anafundishwa. Mimi pia nilikuwa na sauti kama ya msichana, ikaniacha, mama akanipeleka kwa daktari. Daktari akacheka. Akasema, huyu anakua. Lakini hakuna afande mwenye akili anaweka kuruti mbele ya paredi siku ya wageni. Wewe unataka kumuweka mbele leo?"

"Ile ya zamani itarudi?"

"Ile? Imestaafu."

Joël aliketi chini kwenye nyasi. Akamweleza yote, kwa sauti ile ile iliyokuwa ikipanda na kushuka kama lori la asubuhi: mama, wimbo, baba na macho yake, mfungo. Aloysius hakucheka. Alisugua mahali pamoja kwa muda mrefu, mpaka uso wake mwenyewe ukaonekana pale, umepinda.

"Kwa mambo ya sauti nimekuambia," alisema mwishowe. "Kwa mambo ya mama yako, mimi sina dawa. Mimi napiga tarumbeta tu. Enda uulize mwenye alimujua."

*

Kwaya ilikuwa imekaa barazani, inamaliza kula. Joël alivua ubao shingoni. Alikuwa ametembea hatua thelathini tu kutoka kwenye tangi, lakini nakwambia, katika njia zote alizopita tangu Kivu hakuna iliyokuwa ndefu kama ile.

"Papa," alisema.

Vichwa vikageuka. Sauti haikuwa ya mtu waliyemjua.

"Sifungi. Nilidanganya. Sauti yangu imevunjika, toka wiki tatu. Sikutaka mujue."

Tonge la mtu lilianguka. Mama Nathalie aliweka sahani chini.

"Na mafua?"

"Hata mafua, Mama. Nayo nilidanganya."

"Na goti langu?" Bibi Mukamazimpaka akauliza kutoka pembeni.

Hilo ndilo lililomuuma zaidi. "Sikuliombea, Bibi. Wala Muhirwa. Niliandika tu amina. Unisamehe."

Bibi alilitazama goti lake. "Ndiyo maana bado linaniuma," alisema, na watu wawili watatu wakashindwa kuzuia kicheko. Yeye hakucheka. "Leo utaomba kwa kweli. Hata kwa sauti hiyo mbaya. Mungu amezoea."

Mama Nathalie hakucheka pia. "Ungesema siku ya kwanza, tungekuwa na siku makumi mbili na moja," alisema, na upanga wa sauti yake ulikuwa nje ya ala. "Ungesema Jumatatu, tungekuwa na siku tano. Sasa tuko na saa mbili. Wimbo wa mama yako, Joël. Nani atauanzisha?"

"Sonia," alisema Joël.

"Mimi?" Sonia akajinyooshea kidole.

"Unaniigiza kila Jumapili nyuma ya kanisa. Unafikiri sikusikii? Unazijua sauti zote."

Wakasogea kwenye pembe ya ukumbi mpya, mahali palipokuwa na harufu ya rangi. Joël hakuweza kumwimbia, kwa hiyo alimfundisha kwa mkono, akiupandisha na kuushusha hewani. Sonia alishika haraka. Sauti yake ilikuwa nyembamba na safi, lakini ilipita mahali pamoja bila kusimama.

"Hapana," alisema Joël. "Tulivuka, halafu unangoja. Halafu maji. Usikimbie."

"Kwa nini ningoje? Maneno yamefuatana."

"Sijui. Ndivyo inavyoimbwa. Mama aliweka hivyo."

"Ninajua mimi," alisema Constantin.

Hawakumwona akija. Alikuwa mtu wa maneno machache, mikono yake imepasuka kwa kulima, na tangu Joël aliposema ukweli alikuwa hajamwambia kitu. Akachuchumaa mbele yao.

"Mama yako hakuweka kitu," alisema. "Tulikuwa tunapanda mulima. Vitu bote nilibeba mimi, na weye ulikuwa mugongoni mwake, mutoto munene, unalia. Akaanza kuimba ili unyamaze. Akisema 'tulivuka', pumzi inamwisha. Anangoja. Anavuta. Ndipo anasema 'maji'. Kila mara pale pale. Sababu ulikuwa muzito." Alimshika mwanawe bega. "Batu banafikiri ni ufundi. Ile fasi ya kungoja si sauti ya Élyse. Ni weye. Toka siku ya kwanza uko ndani ya ule wimbo, kabla hata hujajua kusema. Sauti ikienda, weye hautoki."

Joël alitazama chini. Sisimizi mmoja alikuwa anaburuta punje ya wali juu ya saruji mpya, anasimama, anapumzika, anaburuta tena.

"Nilifikiri ikipotea hutamuona tena," alisema.

"Ninafumba macho nimuone yeye, ndiyo," Constantin akajibu. "Lakini ninafumbua nikuone weye. Hukuangalia mpaka mwisho."

*

Saa nane ilifika. Ukumbi ulijaa watoto wa kituo, masista, askari wa bendi na wageni kutoka mjini. Sonia alisimama mbele, mikono imebana sketi. Joël alisimama safu ya nyuma kabisa, kando ya baba yake, mahali ambapo hajawahi kusimama. Kutoka pale aliona migongo ya watu wote aliokuwa akiwaongoza bila kuwaona.

"Tulivuka," aliimba Sonia.

Akangoja.

Ukumbi mzima ulingoja naye. Katika nafasi ile ndogo Joël alisikia mambo mengi: mlima, mtoto anayelia, mwanamke mwenye jasho akivuta hewa. Hakumwona uso. Alisikia pumzi tu, na ilimtosha.

"Maji," aliimba Sonia, na kwaya ikaingia, arobaini kasoro mmoja. Wanaume walipopokea, mbavu za Constantin zilitetemeka dhidi ya mkono wa Joël kama ngoma. Joël hakuimba. Lakini mwishoni kabisa, kwenye neno la mwisho, kitu fulani cha chini kilimtoka kifuani, noti moja, ya kukwaruza kama mchanga, isiyo ya mama wala ya baba. Aliishika kadiri alivyoweza. Kisha ikamponyoka.

Baadaye alikula masinia mawili ya matoke, Yudaya akisimama juu yake kuhakikisha. Kisha alikaa na Bibi Mukamazimpaka chini ya dirisha, akaomba kwa sauti iliyovunjika, akalitaja goti na akamtaja Muhirwa mara mbili ili Mungu asichanganye.

Katika safari ya kurudi Mama Nathalie alimwita akae karibu naye. Jua lilikuwa linazama nyuma ya migomba, na vumbi lilikuwa la dhahabu.

"Sikukasirika sababu sauti imevunjika," alimwambia. "Mwili unafanya kazi yake. Utaota ndevu, utanuka jasho, utashindwa kulala bila sababu. Hayo yote si aibu, na hakuna anayeombwa ruhusa. Nilikasirika sababu ulibeba peke yako kitu cha batu bote, tena ukakifunika kwa jina la Mungu. Ukibadilika, sema. Anayesema anasaidiwa. Anayeficha anapoteza siku makumi mbili na moja, na hazirudi. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Mama."

"Na mayai mabichi uache. Yataua tumbo, sauti yatakuachia vilevile."

Sauti ya Joël ilitulia baada ya miezi minane. Ni sauti ya tatu, si nyembamba wala si nzito, na watu hawasemi inafanana na ya nani. Sasa yuko sekondari, na siku za likizo huwafundisha watoto wa kwaya. Sonia aliuanzisha wimbo kwa miaka miwili, kisha familia yake ikahamia nchi ya mbali. Aliyemfuata ni mtoto anayeitwa Gaju. Bibi Mukamazimpaka alipasuliwa goti, na anatembea kwa fimbo. Muhirwa alipiga simu mara moja, akasema ni mzima. Afande Aloysius alistaafu, anafuga kuku Mbarara. Yudaya bado ni mpishi. Mama Nathalie bado anaongoza kwaya. Constantin analima. Lori lilirudi kubeba ndizi. Gaju akifika kwenye neno la kwanza hungoja kidogo kabla ya la pili, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa.